Jiwe la Nne

Sokoni walimwita Bwana Ratili, na jina hilo halikuwa la kumsifu. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kupita duka kwa duka na meza kwa meza na mawe yake manne ya mizani, kila moja kilo ishirini kamili, kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli na si kilo ya mdomoni. Mizani iliyofaulu aliigonga muhuri. Iliyofeli aliibeba. Wauza vitunguu walipomwona anashuka kwenye gari la ofisi walianza kukohoa kwa zamu, kupeana habari kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho, naye akajifanya hasikii, maana moyoni alifurahi kuogopwa. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilikuwa imempa maumivu ya mgongo na imani moja tu: kwamba mizani iliyopita mikononi mwake haina neno tena.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyumbani mkubwa alikuwa Mwalimu, mke wake, aliyefundisha darasa la kwanza kwenye shule iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwao. Dakika kumi za mtu mzima wa afya, nisije nikasingiziwa; za Mwalimu zilikuwa nusu saa na mapumziko mawili, maana goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. Sasa, mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi kwa kusimamiwa kichwani. Lazima ushuke, uchuchumae kando ya dawati lake, umshike mkono na penseli yake, mwende pamoja kwenye mduara wa herufi mpaka mkono wake ukumbuke njia. Mwalimu alikuwa ameacha kuchuchumaa tangu mwaka uliopita. Mkuu wa shule, mama mpole asiyependa ugomvi, alimwita ofisini akamwambia kwamba hali ikiendelea hivi, muhula ujao watamhamishia stoo ya vitabu. Mwalimu alisema sawa, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kufundisha.

Hospitali walikubali kulifanyia goti upasuaji, kwa sharti. Daktari wa mifupa alikuja mara moja kwa mwaka kutoka hospitali kubwa, na orodha yake ilikuwa ndefu. Mwalimu alipata nafasi, lakini siku ya kulazwa alitakiwa awe chini ya kilo tisini. Siku ile walipompima alikuwa na mia moja na tatu. Alipewa miezi minne.

Binti yao, aliyefanya kazi mji mwingine na aliyeamini kwamba hakuna tatizo lisilo na kifaa chake, alituma kifurushi. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, na mizani ya kioo, nyembamba utadhani sinia, iliyozungumza na simu. Ukiipanda asubuhi, uzito wako uliruka wenyewe hadi kwenye simu yako, na kutoka hapo hadi kwenye simu ya binti, ambaye alijibu kwa picha za mikono inayopiga makofi kabla mama yake hajashuka.

Jumapili kifurushi kilipofunguliwa, Bwana Ratili aliizunguka ile mizani mara tatu.

"Haina muhuri," alisema.

"Baba, hiyo ni ya nyumbani," binti alisema kutoka kwenye simu, uso wake umeegemezwa kwenye jagi la maji. "Mama apande tu."

"Kilo haina ya nyumbani na ya sokoni. Kilo ni kilo."

Akatoka hadi kwenye gari la ofisi, akafungua buti, akarudi na mawe mawili, moja kila mkono, kifua mbele ili binti aone. Akaenda tena, akaleta mawili mengine. Safari ya pili mkono wa kushoto ulipata nafuu kidogo, naye akajisemea kwamba mtu wa umri wake bado ana nguvu, asikwambie mtu. Alisoma kile kijitabu cha maelezo, akabonyeza kitufe cha chini mpaka mizani ikaomba kuwekewa kilo themanini za kurekebishia, akapanga mawe yake manne, ikalia mlio mmoja wa kuridhika. Mwalimu akapanda. Mia moja na nane na pointi nne.

"Hospitali walisema mia na tatu," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mizani ya hospitali imechoka, mke wangu. Nimeiona, ina kutu hadi masikioni. Tena wanaleta mpya, tangazo liko ukutani. Wewe fuata hii. Hii nimeihakiki mwenyewe."

Akamfuata. Kwa nini asimfuate? Kama kuna jambo moja duniani ambalo mume wake alilijua, lilikuwa hilo.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri hadi raha. Mwalimu alipunguza wanga na sukari, akaacha soda, akafanya mazoezi ya mikono akiwa amekaa kwenye kiti, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo. Saa nayo ilichukua kazi yake kwa moyo wote. Ilimtikisa mkono katikati ya kusahihisha madaftari, ikamwandikia ainuke atembee kidogo, naye akaijibu kwa sauti, "Subiri, nina watoto arobaini na tano hapa." Aligundua pia kwamba akiandika ubaoni saa ilihesabu hatua. Mkono ukipanda na kushuka, ubao mmoja wa silabi ulikuwa karibu hatua mia mbili, bila kuinua mguu. Mtu mwingine angeandika silabi mpaka chaki ziishe. Mwalimu alianza kuivua saa na kuiweka mezani kila anaposhika chaki, na kuivaa tena akimaliza. Hakumwambia mtu. Mumewe aliliona jambo hilo siku moja alipompelekea miwani aliyoisahau, akacheka, akapita zake. Angelitafakari zaidi siku hiyo, angejiokoa na mengi.

Mia na nane ikawa mia, mia ikawa tisini na sita, na kisha tisini na tatu na pointi. Hapo ikagoma. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, tisini na tatu na pointi. Mtu yeyote mwenye mwili anajua kwamba mwili ukishuka sana hufika mahali ukakaa chini kupumzika, lakini orodha ya daktari haikuwa na habari ya kupumzika. Mikono ya binti ilikoma kupiga makofi. Badala yake akaandika, "Mama, mstari umelala. Unakula nini?"

Bwana Ratili ndiye aliyeliharibu zaidi. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, siku nane kabla ya kulazwa. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya kioo na kanga yake, akiangalia tarakimu zile zile, naye mumewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Mizani yangu haikosei," alisema. Angeishia hapo, tungesema ni majivuno tu. "Kuna kitu unakula tusichokijua."

Mwalimu alishuka taratibu, mguu mzima kwanza. Alivaa, akachukua fimbo yake, akaenda kazini. Kuanzia hapo walizungumza habari za chumvi na funguo, basi. Na usiku akawa hali chakula. Mume aliona sahani inarudi jikoni ilivyokwenda, akaifunika na kuiacha. Jumatano Mwalimu alipata kizunguzungu darasani ikabidi ashike ubao, na alama ya kiganja chake ikabaki kwenye maneno aliyokuwa ameyaandika. Alhamisi jioni alizungumza, sauti kavu, akikunja nguo.

"Kesho saa tano, watoto wakitoka mapumziko, nampigia muuguzi. Namwambia sijafika, wampe mwingine nafasi yangu. Kuna mtu ana goti kama langu na amejitahidi kunishinda."

"Na wewe?"

"Mimi nitapanga vitabu stoo. Vitabu havichuchumaliwi."

Alisema hivyo akijaribu kucheka. Bwana Ratili alimwangalia na roho ikamuuma, maana alimpenda mwanamke huyu tangu wote wawili wakiwa na viuno, na hakujua la kufanya. Mizani ilikuwa imesema. Yeye ni nani aibishie mizani?

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa ofisini. Mtunza stoo, kijana wa miaka arobaini anayeitwa kijana kwa sababu wengine wote walikuwa wazee, alimletea kitabu kikubwa.

"Shikamoo mzee. Naomba sahihi zako za mawe. Robo mwaka imeisha."

"Marahaba. Mawe yamefanya nini?"

"Kupakwa rangi. Yale yako. Yalikwenda moja moja, nawe umeyapokea bila kusaini, kama kawaida yako."

Bwana Ratili alichukua kalamu. Jiwe la kwanza, limekwenda, limerudi, sahihi. La pili, sahihi. La tatu, sahihi. Jiwe la nne lilikuwa limekwenda kwa fundi rangi karibu miezi minne nyuma, tarehe tisa, na kurudi tarehe kumi na tano. Kalamu ikasimama. Tarehe kumi na mbili ilikuwa ile Jumapili. Aliikumbuka vizuri mno, kwa sababu simu ya mke wake iliikumbusha nyumba nzima kila siku: tangu tarehe kumi na mbili umepunguza kiasi hiki.

"Kijana," alisema, "kama jiwe langu la nne lilikuwa kwa fundi, mimi Jumapili ile ya tarehe kumi na mbili nilibeba la nani?"

Mtunza stoo hakujua anaulizwa nini, lakini alikuwa mtu wa kumbukumbu. "Mzee, si ndiyo wiki ile ulimnasa yule muuza viazi? Jiwe lake lilikaa kwenye buti lako mpaka Jumatatu. Hili hapa, kwenye kabati la ushahidi."

Lilikuwepo kweli, na karatasi yake shingoni. Muuza viazi alikuwa fundi wa wizi. Alilitoboa jiwe kwa chini, akachota chuma, akajaza nta, akaziba, akapaka rangi ile ile ya ofisi. Kwa macho kilo ishirini, kwa ukweli kumi na sita. Bwana Ratili alilinyanyua kwa mkono wa kushoto, na mkono ukapata nafuu ile ile aliyoiita nguvu za uzeeni. Aliiambia mizani ya mke wake kwamba sabini na sita ni themanini, na mizani, kwa utii, ikaamini. Miezi minne mizani ilikuwa ikimwongezea yule mwanamke kilo karibu tano ambazo hakuwa nazo, na siku mumewe alipomwambia kwamba anakula kwa siri, alikuwa akijinyima kweli.

Alipiga simu. Haikupokelewa, shuleni simu za walimu zilikaa kwenye droo mpaka mapumziko. Akayabeba mawe yake manne ya halali hadi kwenye gari, akapinduapindua kila moja kuangalia muhuri wa chini kabla ya kulipakia, akaenda nyumbani kuchukua mizani. Angeweza kwenda mikono mitupu na kusema tu. Lakini maneno yake yalikuwa yamepoteza thamani katika nyumba ile tangu Jumatatu, naye alilijua hilo.

Saa nne na dakika arobaini alibisha mlango wa darasa la kwanza, mizani ya kioo kwapani, jiwe la kilo ishirini mkononi. Watoto arobaini na tano waligeuka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ubao, uso umemnyong'onyea.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hakuna. Nipe dakika tano."

"Baba, nina kipindi."

"Ndiyo kipindi chenyewe."

Akaweka mizani sakafuni, akatoka, akaingia, akatoka, akaingia, akihema, mpaka mawe manne yakajipanga mbele ya dawati la kwanza. Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti na hakuna aliyewakataza. Akaeleza kwamba kila jiwe ni ishirini, na akawaomba wamsaidie kuhesabu huku akiyapandisha juu ya mizani moja moja. Walihesabu kwa kelele ya kubomoa paa, ishirini, arobaini, sitini, themanini, na binti mmoja mdogo wa dawati la mbele aliyejua kusoma tarakimu akainama juu ya kioo.

"Nane," alisoma. "Nne. Nukta. Mbili." Akainua uso. "Imekosea!"

"Imekosea," Bwana Ratili alisema. Alikuwa anamwambia mke wake, si mtoto. "Nami ndiye niliyeikosesha. Siku ile nilipoirekebisha, jiwe moja lilikuwa la mwizi. Sikuangalia muhuri. Nilikuwa najionyesha kwa mtoto kwenye simu. Hukuwahi kuwa na mia na nane, mke wangu. Na leo asubuhi huna tisini na tatu."

Mwalimu aliinuka kwa taabu, akachukua chaki, na kwa mazoea yake akavua saa kwanza akaiweka mezani. Bwana Ratili aliiona saa ile mezani na aibu ikampanda hadi masikioni. Huyu ndiye mtu aliyemwambia anaiba chakula. Mwalimu aliandika tisini na tatu na pointi sita, akazidisha kwa themanini, akagawanya kwa themanini na nne na pointi mbili, akafuta, akarudia. Jibu lilikuwa lile lile mara zote mbili. Themanini na nane na pointi tisa.

Aliweka chaki chini, bado amelipa darasa kisogo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko. Nadhani hata mwenyewe hakujua. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Watoto," alisema, "mtu akimsingizia mwenzake hapa darasani, tunafanyaje?"

"Anasimama mbele!" walijibu wote.

"Halafu?"

"Anasema alichosema! Anasema si kweli!"

"Anasema chote au nusu?"

"Choteee!"

Bwana Ratili, mtu aliyekohoza soko zima, alisimama mbele ya ubao na kuvua kofia. Aliwaangalia watoto, wakamwangalia. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumtazama kwa ukali wa namna ile.

"Nilisema Mwalimu anakula kwa siri," alisema.

"Kwa sauti!" lilitoka dawati la nyuma.

"Nilisema Mwalimu anakula kwa siri! Si kweli. Alikuwa na njaa, nami nikamwongezea uchungu juu ya njaa. Mizani yangu niliiamini kuliko mke wangu. Nilikosea." Akamgeukia. "Nisamehe, mama. Nimekuumiza sana."

"Tumesikia!" darasa lilijibu, kama walivyofundishwa, na binti wa dawati la mbele akamwonyesha pa kukaa.

Kengele ya saa tano ililia. Watoto walimwagika nje kwenda kusimulia shule nzima. Mwalimu alifungua droo, akatoa simu, akatafuta namba ya muuguzi, na wakati inaita alimtazama mume wake aliyekaa kwenye kidawati, magoti yamemfika kidevuni. Hasira haikuwa imeisha yote, na hakujisumbua kuificha, lakini chini yake kulikuwa na furaha kubwa inayopanda.

"Muuguzi? Ni mimi, Mwalimu, wa goti la kulia. Napiga kuthibitisha. Ndiyo, Jumanne nakuja kulazwa." Akasikiliza. "Themanini na nane na pointi tisa. Nina uhakika, nimepiga hesabu mwenyewe mara mbili." Akasikiliza tena, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. "Asante, mwanangu. Asante sana. Na mkinitibu vizuri nitarudi kuchuchumaa na hawa wangu mpaka nistaafu."

Akakata simu. Alijifuta uso kwa kiganja chenye chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni, na mume wake akaona hajawahi kupendeza hivi.

"Nitakupeleka mimi," Bwana Ratili alisema. "Nimeomba ruhusa kazini."

"Utanipeleka," Mwalimu alisema. "Tena utanibebea na begi. Lakini ile mizani yao mpya, usiiguse."